Pengo Katika Mzunguko wa Nyota

Kaka yangu mkubwa alinambia nimpigie simu binti yangu Afrika Kusini, nimwambie mama yake yu mahututi na anataka wapeane radhi, nami nikasema sawa. Ningeweza kukataa. Nilikuwa mtu mzima, nimeshastaafu, nina mke na nyumba, na hakuna aliyenishikia fimbo. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ukumbi wa juu, kikombe cha kahawa mkononi, akalisema jambo lile kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate. Mke wangu alikuwa chini uani anapepeta mchele. Nikiusikia ungo wake. Hakuwa na homa wala kikohozi.

Sababu yenyewe naona haya kuiandika. Jamaa zetu wa Maskati walikuwa wanakuja Unguja kwa harusi ya mtoto wa kaka, na miongoni mwao alikuwemo mwanamke mwenye kijana wa kuoa. Kaka alikuwa ameshamwambia kwamba mdogo wake ana binti msomi, mwenye adabu zake, na kwamba siku ya harusi atakuwepo. Hakuniuliza mimi, wala hakumuuliza binti. Alitoa ahadi kwanza, kisha akaja kwangu kutafuta wa kuitimiza.

"Nshamwita mara mbili," nilimwambia. "Anasema ana kazi, hawezi kutoka."

"Kazi ya kutazama nyota ndiyo isiyongoja harusi? Nyota zinakwenda wapi?"

"Anasema hii inapita."

"Inapita kama boti ya Dar?" kaka akauliza. "Akiikosa ya asubuhi si atapanda ya jioni?"

Nikacheka. Katika yote ya siku ile, kicheko hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi, kwa sababu nilijua mzaha ule hauchekeshi.

"Mwambie mama yake mgonjwa, anataka radhi," kaka akasema. "Mtoto aliyelelewa akisikia hivyo haulizi ratiba."

Hapo alisema kweli. Kwetu sisi mzazi akiwa kitandani na hali imekuwa ngumu, watoto huja kutoka popote walipo, wakamshika mkono, wakamwambia niwie radhi, naye akasema nimekuwia radhi, na wewe niwie. Watu wamevuka bahari kwa maneno hayo. Watu waliogombana miaka wameingia chumba kimoja kwa maneno hayo. Hayachezewi, na kwa kuwa hayachezewi, hakuna anayeyatilia shaka anapoyasikia. Kaka alichagua ufunguo unaofungua kila mlango, akaniwekea mkononi.

Kaka ana udhuru mmoja ambao mimi sina. Yeye hakujua nyota ile ni kitu gani. Mimi nilijua.

Miaka yangu yote ya kazi niliitumia Kizimbani, kwenye shamba la serikali la karafuu na viungo. Nilisoma mpaka sekondari, nikaishia hapo, nikaajiriwa kupima mvua. Chombo chenyewe ni cha kawaida sana: mtungi wa bati uliofukiwa nusu ardhini, ndani yake chupa. Kila siku saa tatu asubuhi unaitoa chupa, unamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, unasoma, unaandika. Ikiwa hayamo, unaandika sifuri. Kazi haina zaidi ya hayo, ila haitaki uikose, kwa sababu maji ya siku mbili yakishachanganyika huwezi tena kujua yapi ya jana na yapi ya leo.

Siku moja niliikosa. Nilikwenda kuzika Makunduchi, nikalala huko, na mvua ikanyesha kweli kweli. Niliporudi nilitaka kuandika nambari ya kukisia, maana nilimuuliza mlinzi akanambia ilikuwa kubwa kiasi gani. Mkuu wangu wa kazi, mzee mpole, akaniwekea kidole juu ya karatasi. "Piga mstari tu," akasema. "Usitie cha kubuni. Mstari ni aibu, lakini ni kweli."

Binti yangu alikuwa mdogo, siku za likizo nikimchukua kazini kwa baiskeli. Aliuona mstari ule akaniuliza mvua ya siku hiyo imekwenda wapi. Nikamwambia imeingia ardhini, hatutaijua tena. Akasikitika kuliko nilivyosikitika mimi. Alinuna njia nzima, mbele ya baiskeli, kama mtu aliyeibiwa.

Mtoto huyo, wa pekee tuliyeruzukiwa, alisoma Unguja, kisha Dar es Salaam, kisha akapata nafasi Afrika Kusini kusomea nyota mpaka shahada ya uzamivu. Likizo moja alipokuja nyumbani nilimwambia anieleze kazi yake kama anavyomweleza mtu aliyefika sekondari tu. Tulikuwa tunakula, sote watatu, sinia moja.

Alisema mbinguni zipo nyota zinazokwenda mbili mbili, zimeshikana kwa mvutano, kila moja inaizunguka nyenziwe. Nyingi ni za kawaida. Lakini chache mno, za kuhesabika, zinatoa miale ya gama, ambayo ni jamaa ya ile miale ya eksirei ya hospitali, ila nguvu zake hazina mfano. Katika jozi hizo nyota moja ni kubwa, ya moto, inaonekana kwa darubini. Ya pili haionekani. Huenda ikawa nyota iliyokufa ikajikusanya ikawa ndogo na nzito kupita kiasi, huenda likawa shimo jeusi ambalo hata mwangaza hautoki. Kazi yake yeye ni kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na njia ya kujua ni kuupima uzito wake.

"Utapimaje uzito wa kitu usichokiona?" mama yake akauliza.

"Kwa kumtazama anayeonekana, mama. Akiwa anavutwa huku na huku, basi yupo anayemvuta. Akivutwa sana, anayemvuta mzito."

"Na utajuaje anavutwa, na yeye yuko mbali hivyo?"

Chini kwenye kichochoro ikapita vespa, na kama kawaida ya vespa za Mji Mkongwe ilipiga honi kabla ya kona na baada ya kona. Binti akainua kidole.

"Sikilizeni. Ikija, honi inasikika nyembamba. Ikishakupita, inakuwa nzito. Na mwangaza ni hivyo hivyo. Nyota ikija upande wetu mwangaza wake unaelekea ubuluu kidogo, ikituacha unaelekea wekundu. Nnapima hicho kidogo, napata kasi. Nikiwa na kasi ya mzunguko mzima, nnajua asiyeonekana hapungui uzito gani."

"Hapungui," nikasema. "Mbona hujasema uzito wake ni huu?"

Akafurahi kwa swali lile, nikaona. Akainuka na sinia tupu, akaliweka chini, akatwambia tulitazame kutoka juu, ni duara. Kisha akalinyanyua usawa wa macho yetu. Lilikuwa mstari.

"Sinia ni lile lile. Mimi sijui pete ya nyota zangu nnaitazama kutoka juu au kutoka ubavuni, na hesabu inabadilika kwa hilo. Hilo wenzangu wanaopima miale ya gama ndio wanaonisaidia kulikisia. Langu mimi ni kasi."

Kisha akatueleza linalohusu aibu yangu. Pete ya jozi yake si duara, ni ndefu na nyembamba, imechongoka. Nyota ile isiyoonekana hukaa mbali miaka, ikitambaa, na nyota kubwa wakati huo haitikisiki sana. Halafu inarudi, inapita karibu kwa kasi, na kwa muda wa wiki chache tu nyota kubwa inavutwa kwa nguvu, na miale inawaka. Mpito ule mmoja ndio unaosema kila kitu. Ukishapita, unangoja zaidi ya miaka mitatu.

"Ni kama mvua ya siku ile, baba," akasema. "Mtu akiikosa, anapiga mstari."

Kwa hivyo nilijua. Kaka alipofanya mzaha wa boti ya Dar, mimi nilikuwa mtu pekee katika mji mzima, ukimtoa mke wangu, aliyejua boti ile inarudi baada ya muda gani.

Nilipiga simu siku ya pili, mke wangu, ambaye wakati ule hakuwa na simu yake mwenyewe, alipokwenda sokoni Darajani. Binti aliitika kwa furaha. Alinambia wiki ile ndiyo inaanza, kapewa zamu kwenye darubini, hali ya hewa nzuri, mbingu safi. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia mama yake kazidiwa, amelazwa, na anataka radhi.

Hakulia. Akauliza, "Baba, kweli?"

"Wallahi," nikasema.

Niliapa kwa jina la Mungu kwa sababu ya harusi ya watu.

Alikuja kesho yake jioni. Nilikuwa nimepanga kumpokea uwanja wa ndege nimweleze njiani, niipunguze. Lakini alipata ndege ya mapema akapanda teksi mwenyewe. Akaingia kwa mlango mkubwa, akapanda ngazi mbio na begi lake dogo, akamkuta mama yake amekaa kwenye mkeka anafunga sambusa za harusi.

Mke wangu alifurahi mpaka unga ukamwagika. "Mwanangu. Si ulisema huji?"

Binti akasimama mlangoni. Alimtazama mama yake miguu mpaka kichwa kama anayetafuta jeraha. "Shikamoo mama. Umeshatoka hospitali?"

"Marahaba. Hospitali ya nani? Nani mgonjwa?"

Wote wawili wakanigeukia. Mimi nilikuwa ngazini, nimewahi kufika nusu, nikashika kamba ya ngazi na kubaki pale. Nilianza kusema kaka, nikaacha. Nikasema, "Tulitaka uje." Hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Binti akaliweka begi chini. Akakaa mkekani karibu na mama yake, akachukua manda, akaanza kufunga sambusa. Sambusa zake zikatoka mbovu, mama yake akawa anazifungua na kuzifunga upya bila ya kusema neno.

Jamaa wa Maskati walikuja nyumbani siku mbili baadaye. Wakala halua, wakanywa kahawa, wakaisifu nyumba kwa upepo wake. Yule mwanamke alimuuliza binti yangu anasoma nini. Akajibu, nyota. Mwanamke akasema mashaallah, akauliza kama nyota zinaweza kumwambia mtu atapata mume lini. Binti akasema hapana, bibi, zangu hazisemi hilo. Hawakurudi tena. Kijana wao alioa huko huko kwao mwaka ule ule.

Binti alikatiza kukaa kwake, lakini alipofika kule zamu yake alikuwa ameshapewa mwengine, maana darubini haiachwi ikakaa bure, na mwenye zamu alikuwa na nyota yake. Aliporejeshewa nafasi, kilichokuwa karibu kilikuwa kimeshaanza kwenda mbali. Vipimo vya mwanzo na vya mwisho vilipatikana, vya katikati havikupatikana. Nilimuuliza kwenye simu, nikijifanya nauliza tu, hesabu zinasemaje. Akanambia zinaruhusu nyota iliyokufa na zinaruhusu shimo jeusi, na hesabu inayoruhusu vyote haijasema kitu.

"Wiki zile nimepiga mstari, baba," akasema. Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Mke wangu yeye alikasirika. Alingoja mpaka wageni wote wameondoka, harusi imekwisha, sufuria zimerudishwa kwa wenyewe. Kisha akanambia, "Umeniua kwa simu. Umeniua mimi mzima, kwa ajili ya sinia la halua." Nikamwambia ni kaka. Akasema, "Kaka yako hana nambari ya mwanangu." Hilo lilikuwa kweli.

Tuliendelea kuishi. Alinipikia, nilimletea samaki, tulikwenda kuhani misiba pamoja. Lakini simu ya binti ilipokuja, alikuwa haombi tena kuzungumza na mimi kwanza kama zamani. Nikiipokea mimi alisema, "Shikamoo baba. Mpe mama simu." Nilikuwa nikiipanda ngazi na simu ile mkononi kama mtumishi.

Miaka mitatu na kitu ni mingi kwa mtu anayengoja. Fedha zake za masomo zilikwisha, akawa anafundisha chuoni kule ili aweze kubaki mpaka nyota irudi. Wenzake alioanza nao walimaliza. Alipita thelathini. Mama yake alikuwa akinihadithia hayo, na kila aliponihadithia alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha miguu ya mke wangu ikaanza kuvimba. Mwanzo tukasema ni ngazi za nyumba hizi, kila mtu wa Mji Mkongwe analalamikia ngazi. Baadaye akawa hawezi kulala chali, analala amekaa, mito mitatu nyuma yake. Daktari alisema moyo umechoka, maji yanajaa mwilini. Akampa dawa, akaniita kando akanambia nijitayarishe, huenda ikawa miezi, huenda ikawa wiki.

Nilirudi nyumbani nikaitoa simu. Mke wangu akaniona.

"Hutompigia," akasema.

"Lazima ajue."

"Nyota yake imerudi. Inakaribia sasa hivi, kanambia juzi. Kaingoja miaka yote hii. Hutompigia."

"Wewe ni mama yake. Atataka radhi yako."

Akaitafuta pumzi kwanza. "Radhi nshampa, kila nikisali nnampa. Na wewe ulishamwita kwa maradhi yangu, akaja. Yale uliyatumia wewe. Haya ni yangu, nnayatumia nnavyotaka mimi."

Nilimtii wiki nzima. Nilijiambia namheshimu, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kuipiga simu ile. Asubuhi moja alipoamka na midomo imegeuka rangi, niliteremka mpaka kichochoroni, nikasimama karibu na ukuta wa jirani, nikampigia binti.

"Mama yako mgonjwa," nikasema. "Moyo. Daktari kasema tujitayarishe. Njoo."

Akasema, "Baba, mpe mama simu."

"Anakataa nikwambie. Atakuficha. Wallahi ni kweli safari hii."

"Hata safari ile uliapa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama anavyosemeshwa mzee aliyeanza kusahau. "Mpe mama simu."

Nikapanda. Mke wangu aliponiona na simu sikioni alielewa. Hakunitukana. Aliomba maji kwa ishara, akanywa, akakohoa akalisafisha koo, akajivuta juu ya mito akakaa wima. Kisha akaichukua.

"Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Miguu tu, si unaijua miguu yangu na ngazi hizi. Baba yako kakukumbuka, unamjua hajui kusema." Akacheka, na kicheko kile kilimgharimu, nikaona jasho kwenye paji lake. "Wewe je, imeshafika? Na mawingu? Haya, alhamdulillahi. Basi itazame. Usifumbe macho. Nitakusikia Ijumaa, inshaallah."

Akanirudishia simu, akafumba macho. Binti alikuwa bado kwenye laini.

"Baba," akanambia, "usifanye hivi tena. Nakuomba."

Ningeweza kufanya jambo jengine. Ningeweza kumwomba daktari ampigie yeye, au nesi, au imamu wa msikiti wetu, mtu yeyote ambaye neno lake lina thamani. Nililifikiria hilo palepale. Sikulifanya kwa sababu ingebidi nimwambie mtu wa nje kwamba mwanangu hanisadiki, na angeuliza kwa nini. Mke wangu alikuwa anavuta pumzi kwa shida mbele yangu, na mimi nilikuwa bado nalinda uso wangu.

Alifariki wiki mbili baadaye, kabla ya adhuhuri. Nilimpigia binti kwa simu ya mama yake bila ya kufikiri, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Akaitika, "Shikamoo mama." Nikasema ni mimi. Akasema kwa mazoea, "Mpe mama simu, baba." Nyuma yangu wanawake walikuwa wameshaanza kusoma Yasini. Aliwasikia. Sikuhitaji kuapa.

Kwetu maiti haingojwi. Tulimzika baada ya alasiri siku ile ile, na binti aliwasili kesho yake mchana. Nyota ilikuwa imeshapita, kazi yake imetimia. Wanawake wakampisha njia, akaingia chumbani kwa mama yake, akakaa kitandani upande wa mito mitatu, ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa. Nilisimama mlangoni, pale pale aliposimama yeye siku ya sambusa.

"Alikuwa mgonjwa tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, na midomo, na maji aliyokunywa kabla ya kuishika simu.

Alikaa muda mrefu akiupapasa mto. "Basi ulinambia kweli," akasema.

"Naam."

"Na mimi sikukusadiki."

Nilitaka kumwambia kosa si lake. Nilitaka kumshika mkono nimwambie niwie radhi, mwanangu, maneno ambayo mzazi pia anaweza kumwambia mtoto. Lakini maneno yale nilishayatia uchafu kwa mikono yangu, na nikaona siwezi kuyatoa mdomoni mbele yake, katika chumba kile. Nikasema, "Nikuletee chai?" Akasema hapana, ahsante, baba.

Baada ya kisomo cha hitima alirudi kazini kwake. Muda ukapita. Siku moja nilikuwa kwa kinyozi, mtaa wa Amani, kichwa kimejaa sabuni, redio imewashwa, nikaisikia sauti yake. Alikuwa anahojiwa. Alieleza habari ya nyota zinazokwenda mbili mbili, na honi ya vespa, na sinia linalotazamwa kutoka juu na kutoka ubavuni. Mtangazaji akamuuliza amegundua nini. Akasema safari hii mpito wote umepimwa, na asiyeonekana si shimo jeusi. Ni nyota iliyokufa, nzito kulipita jua letu, na mwili wake wote ungeenea ndani ya kisiwa cha Unguja na nafasi ikabaki.

"Na ulijifunza wapi subira hii?" mtangazaji akauliza.

"Kwa mama yangu," akajibu. Kisha akasema, "Na nikiwa mdogo palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akipima mvua. Alinifundisha kwamba kitu ukikikosa kukipima, usikibuni."

Kinyozi akasema huyu mtoto ana akili, ni wa wapi. Nikasema sijui. Akaendelea kuninyoa.

Naandika haya kwa sababu kaka ameshahamia Maskati kwa mwanawe, na wanaojua habari ile wamebaki wawili, mimi na binti yangu, naye haizungumzi nami. Sina wa kumtupia lawama. Nilikuwa na mtu aliyenambia uongo wa kusema, lakini simu ilikuwa yangu, na mdomo, na kiapo.

Uongo ule ulinigharimu hivi. Mke wangu alikufa bila ya kumwona mtoto wake wa pekee, na mtoto hakupata kumshika mama yake mkono, kwa sababu siku niliyosema kweli hakukuwa na sababu ya kunisadiki. Binti yangu ananipigia kila Ijumaa. Ananambia shikamoo, ananiuliza kama nimekunywa dawa, anakata. Haniulizi lolote jengine, wala hanihadithii, na mimi sijapata kumwomba radhi. Nilikuwa na mke, na nilikuwa na mtoto aliyekuwa akinisadiki. Sina tena hata mmoja.